Ukuta wa Bi Kalunde

Bwana Ndalahwa alifikiria chai, na chai ikaanza kuchemka.

Hakusema neno. Hakugusa kitu. Alikuwa amekaa tu kwenye kiti cha plastiki jikoni kwake, mikono mapajani, ametulia kwa wasiwasi kama mtu anayepimwa presha. Juu ya mlango, kidude chenye ukubwa wa kifungo cha shati kilikuwa kimekwisha kumsoma: macho yalivyoelekea kwenye birika, koo lilivyomeza mate, moyo ulivyopiga kwa uchovu wa mtu aliyetoka kazini. Kidude hicho kiliitwa kisoma-nia. Birika likawaka. Dirisha likafunguka nusu ili mvuke utoke. Taa ya sebuleni, ambako hakukuwa na mtu, ikazimika yenyewe. Kisha redio ikashusha sauti, kwa sababu Ndalahwa alikuwa anataka kuzungumza.

"Umeona?" Mhandisi Nyamizi aliuliza. Alikuwa mmoja wa waliobuni mfumo huo, na bado alisisimka kila alipouona ukifanya kazi. "Huo ndio Upeo. Huamrishi tena. Wewe unataka tu, basi."

"Nimeona, mama mhandisi. Ni maajabu." Ndalahwa alijikuna kidevu. "Sasa… ule wa zamani naweza kurudishiwa?"

Nyamizi akafumba macho.

Katika mji wa Isanga Mpya, nyumba haikuwa nyumba bila mfumo endeshi. Mfumo endeshi ndio uliofungua milango na mabomba, ukawasha majiko, ukaita madaktari na kuagiza unga. Kwa muda mrefu mji mzima ulitumia mfumo mmoja ulioitwa Jembe. Jembe ulikaa ukutani, kwenye kiwambo cha kioo chenye vitufe vya picha: tone la maji, ndimi za moto, ufunguo, kitanda, mtungi. Ukitaka maji ya moto ulibonyeza tone, ukasubiri, ukabonyeza moto, ukasubiri tena, na kama ni masika na umeme unayumba, ulirudia yote tangu mwanzo. Ulikuwa mfumo mzito, wenye vijitabia, na ulikuwa umeshazeeka Nyamizi akiwa bado sekondari.

Shirika la Mifumo ya Majumbani lilimwajiri auondoe. Alidhani watu watamkimbilia. Badala yake, kazi yake ilikuwa kubembeleza mlango hadi mlango, na kusikiliza sababu ambazo kwake hazikuwa sababu. Mmoja alisema Upeo una kimya kinachomtisha. Mwingine akasema unamwahi: kabla hajaamua kama ana njaa, jiko limekwisha kuwaka. Mama mmoja muuza maandazi alimwambia kwamba kwenye Jembe alijua pa kubonyeza hata akiwa na unga hadi kwenye viwiko. Na karibu wote, wakishaishiwa maneno, walimalizia kwa methali ileile, zimwi likujualo halikuli likakwisha, hadi ikafika mahali Nyamizi akiona mtu anavuta pumzi kuisema, anaimalizia mwenyewe.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hawakuupenda huo Jembe. Waliutukana miaka yote. Waliupiga makofi ukiganda. Lakini walikuwa wameshajua mabaya yake yako wapi, kama mtu anayejua ngazi ipi imeoza na kuiruka bila kuitazama. Nyamizi aliwaletea ngazi mpya, imara, nao wakawa wanaruka ngazi ambayo haipo na kuanguka, halafu wanamlaumu yeye.

"Utazoea," alimwambia Ndalahwa, akabeba mkoba wake.

"Hata ule niliuzoea," Ndalahwa alijibu kwa huzuni.

* * *

Mkuu wake, Bwana Tungaraza, hakuwa na subira na mambo hayo. Alikuwa mtu wa suti nyembamba na sentensi fupi.

"Watu hawajui wanachotaka," alisema. "Kisoma-nia ndicho kinachojua. Mwisho wa mwezi tunazima mitambo mikuu ya Jembe. Nyumba itakayobaki huko haitakuwa na maji, wala jiko, na mlango wake hautafunguka. Kwako amebaki nani?"

"Mzee Mihayo wa Mtaa wa Stesheni."

"Bado? Umekwenda kwake mara ngapi?"

"Nimechoka kuhesabu."

Mzee Mihayo alikuwa fundi mstaafu wa umeme wa reli, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na ulimi mkali. Aliishi na mkewe, Bi Kalunde, katika nyumba ndogo iliyotazamana na karakana ya treni. Watoto wao walikuwa wamesambaa, mmoja Mwanza, mwingine ng'ambo. Mara ya kwanza Nyamizi alipobisha hodi, mzee alifungua mlango na kubaki amesimama katikati yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na ule mfumo wenu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi karibu chai. Mfumo uache nje."

Siku hiyo sababu yake ilikuwa taa. Kile kidude cha juu ya mlango, alisema, kina taa inayomwumiza macho. Nyamizi akarudi na kisoma-nia kisicho na taa. Sababu ikageuka ikawa siri. "Mimi sitaki kusomwa. Mtu na tumbo lake wana mambo yao." Nyamizi akamweleza kwamba Upeo hauhifadhi chochote, unasoma na kusahau palepale. Aliposikia neno kusahau, mzee alimtupia mkewe jicho, kisha akasema bei ya umeme itapanda. Nyamizi akamthibitishia kwamba itashuka. Mzee akavuta pumzi.

"Zimwi likujualo…" Nyamizi alianza.

"Hilo hilo," alisema mzee. "Afadhali umelisema mwenyewe."

Wakati wote huo Bi Kalunde alikuwa akiwaandalia chai. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, kanga yake imefungwa vizuri kiunoni. Mkono wake ulikwenda ukutani bila yeye kuutazama, kama mtu anayejikuna begani. Tone, moto, mtungi. Vidole vilisubiri pale Jembe ulipochelewa, vikabonyeza tena pale ulipozubaa, na kabla maneno mawili hayajapita chai ilikuwa mezani. Hakuna aliyewahi kumuona mtu akiutumia Jembe kwa wepesi ule.

"Karibu, mwanangu," alisema akiweka kikombe. "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Nzega, mama."

"Nzega! Kwenye mpunga mzuri."

Kila alipokuja, aliulizwa hivyo, naye alijibu hivyo. Nyamizi aliuona kuwa ukarimu wa watu wazima, na akaupenda.

"Mzee, mtazame Bi Kalunde," alisema siku moja, kwa kuwa alikuwa ameishiwa hoja. "Mtu mwenye mikono kama hii ataujua Upeo kabla ya saa sita mchana. Unamnyima bure."

Mzee Mihayo alimtazama kwa namna ambayo Nyamizi hakuielewa, kisha akatoka nje kwenda kutengeneza bawaba ya geti ambayo haikuwa mbovu.

* * *

Siku chache kabla ya mitambo kuzimwa, Nyamizi alikwenda na mafundi wawili. Safari hii hakukubali chai.

"Nikikataa?" mzee aliuliza.

"Mtakaa humu bila maji na mlango umejifunga. Mzee wangu, sikuja kukutisha. Nimekuja kwa sababu sitaki yakukute."

Mzee alimtazama mkewe, ambaye alikuwa kwenye mkeka akichagua mchele, akitoa mawe na kuyaweka kando. "Hakuna namna ya kuuacha huu hapa tu? Hata hiki kiwambo kimoja cha jikoni?"

"Umefanya kazi reli maisha yako yote," Nyamizi alisema. "Unajua mwenyewe. Mtu hang'ang'anii treni ambayo reli yake imeng'olewa."

Alikuwa amelitafuta neno hilo njiani, na alipolisema alijisikia vizuri. Mzee Mihayo aliinamisha kichwa. Kulikuwa na neno mdomoni mwake. Alilizungusha, akalimeza.

"Fanya basi," alisema.

Mafundi walibandua kiwambo, wakaziba tundu kwa simenti na kupaka rangi nyeupe juu yake. Upeo ukaamka bila sauti. Ukaona mzee ana joto, ukafungua madirisha. Ukaona Nyamizi ana kiu, ukamjazia glasi. Bi Kalunde aliinuka mkekani, akaenda jikoni, akanyoosha mkono, na kiganja chake kikapapasa rangi mbichi. Alikitazama. Kilikuwa cheupe.

"Mazoea hayo, mama," Nyamizi alimwambia, akampa kitambaa cha kujifutia. "Yataisha."

Siku ile alilala usingizi mzuri.

* * *

Taarifa zilianza kuja wiki iliyofuata. Zilitoka nyumba moja tu, ya Mtaa wa Stesheni, na zote zilisema maneno mawili: nia haisomeki. Katika lugha ya Upeo hii ilimaanisha kwamba kisoma-nia kinamwona mtu anataka kitu, kinaona anakitaka sana, lakini hakijui ni nini.

"Kifaa kibovu," alisema Tungaraza. "Nenda kabadilishe."

Nyamizi alikwenda huku akisonya njia nzima. Alikuwa na hakika mzee amekibandika plasta kile kidude, au amekipaka masizi. Alikuwa ameshaandaa atakavyomsema, kwa heshima lakini bila kupindisha.

Harufu ya uji ulioungua ilimlaki mlangoni. Mzee Mihayo alikuwa jikoni, shati limetapakaa uji, mwiko mkononi. Bi Kalunde alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe. Mkono wake ulikuwa unapanda, unatafuta, unashuka. Upeo ulijaribu kumsaidia. Ulifungua bomba, akashtuka. Ukafunga bomba na kuwasha jiko, akarudi nyuma. Ukawasha taa, ukaizima, ukafungua dirisha. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kikikisia, na kila kisio lilimtia hofu zaidi.

"Nani yumo humu?" Bi Kalunde aliuliza, akimtazama Nyamizi moja kwa moja. "Wewe ndiye unayechezea vitu?"

Mzee alimshika mkewe begani, akamkalisha taratibu. Kisha akageuka.

"Umekuja kuona kazi yako," alisema.

"Mzee, sielewi. Mama anaumwa?"

"Anasahau. Huu ni mwaka wa tatu. Alianza na majina ya majirani, yakafuata ya watoto." Aliuweka mwiko chini. "Lakini mbele ya ukuta ule alikuwa mzima. Kichwa kilikuwa hakijui, mkono ukawa unajua. Asubuhi anaamka, anabonyeza maji, anabonyeza moto, uji unaiva. Uji ukiiva anakumbuka kuna mtu wa kunywa. Akikumbuka kuna mtu, ananikumbuka mimi. Kila siku alinifikia kwa njia hiyo. Sasa anaamka, hakuna cha kushika. Huo Upeo wako unamsubiri atake. Mtu aliyesahau anachotaka atatakaje?"

Nyamizi alihisi hasira inampanda, na hakujua aipeleke wapi. Akaipeleka pale pale alipokuwa.

"Kwa nini hukuniambia? Nimekuja hapa siku zote hizo! Taa, mara siri, mara umeme! Ungesema neno moja tu, mzee, moja tu!"

"Ningelisema wapi? Mlangoni, na majirani wanasikiliza? Yeye mwenyewe aliniapisha, siku ile aliyopotea njia ya sokoni. Aliniambia, Mihayo, usiniache nikaonekana mjinga mbele za watu." Sauti ya mzee ilishuka. "Nami nilitaka uondoke tu. Kila nilichosema, mwanangu, ulikuwa na jibu lake. Hukuwahi kuniuliza swali."

Nyuma yao bomba lilifunguka tena, likajifunga.

* * *

"Jembe umekufa," alisema Tungaraza. "Siwashi mitambo ya mji mzima kwa ajili ya bibi mmoja. Nasikitika, lakini siwashi."

"Siuombi mtambo. Naomba sura yake. Tuuvike Upeo sura ya Jembe: vitufe vilevile, mahali palepale, hata kule kuchelewa."

"Unataka kuuharibu mfumo mzima ufanane na mfumo mbovu."

"Ndiyo."

"Kwa nyumba moja."

"Kwa nyumba moja, mkuu! Umenituma niwahamishe watu kama mizigo. Nimehamisha. Sasa huu mmoja nimeuvunja, naomba niurudie."

Tungaraza alimwambia afanye atakavyo, ila si kwa muda wa shirika.

Nyamizi alidhani ni kazi ya siku chache. Ilimla mwezi na zaidi. Kiwambo cha zamani alikiokota kwenye ghala la vyuma chakavu. Kutengeneza picha za vitufe kulikuwa rahisi; kutengeneza ubovu ndiko kulikomtoa jasho. Tone la maji la Jembe halikusikia ukilibonyeza katikati, ilikuwa lazima kushoto kidogo. Moto ulichelewa, lakini si kila mara. Na Upeo, ambao yeye mwenyewe aliufundisha kujirekebisha, haukukubali kuwa mjinga. Jioni anaweka kitufe cha mtungi pembeni, kesho anakikuta kimesogezwa katikati kwa kuwa ndicho kinachotumika zaidi. Anaurudishia uzito, unauondoa. Anaukataza, unatafuta njia nyingine ya kumfurahisha.

"Kaa ulipowekwa!" aliufokea siku moja, peke yake ndani ya karakana yake, akapiga meza hadi kikombe kikaruka. "Nani amekuomba uwe bora?"

Hatimaye ukakaa. Akakibeba kiwambo hadi Mtaa wa Stesheni asubuhi, akakichimbia palepale kilipokuwa cha Jembe, akapima kwa mkono wake mwenyewe kutoka sakafuni. Mzee Mihayo alimshikia ngazi. Alikuwa amekonda. Kioo kikawaka: tone, ndimi za moto, ufunguo, kitanda, mtungi. Nyamizi alijaribu maji. Yakachelewa vizuri kabisa. Akakaribia kulia kwa furaha.

"Kalunde," mzee aliita. "Njoo mama, njoo uone."

Bi Kalunde alikuja, kanga imefungwa vibaya, akiburuta kandambili. Alisimama mbele ya ukuta wake. Wote wawili waliutazama mkono wake wa kulia. Ulinyanyuka kidogo, ukafika usawa wa kifua. Mkono ukabaki hapo, kisha ukashuka na kushika pindo la kanga.

"Kizuri," Bi Kalunde alisema kwa adabu. "Kina rangi. Ni cha kufanyia nini?"

Mzee alimshika mkono, akauweka kwenye tone la maji, akaubonyeza. Bomba likafunguka. Bi Kalunde alitabasamu kuyaona maji, lakini mkono ulikuwa wa mzee sasa. Alipouachia, ulirudi kwenye kanga.

"Mzee," Nyamizi alisema. "Nimechelewa."

"Umechelewa," alisema Mzee Mihayo. Hakulisema kwa ukali, wala hakulilainisha.

Nyamizi alianza kukusanya vifaa vyake. "Nitakiondoa. Nitawarudishia Upeo wa kawaida. Angalau utakupikia, mzee. Hutahitaji kugusa kitu, utakaa naye tu."

"Kiache."

"Lakini mama hawezi tena…"

"Nimesikia. Mimi je?" Mzee alikisogelea kioo, akainamisha kichwa chake kirefu akavitazama vile vitufe kama mtu anayesoma kaburi. "Miaka yote hii sijawahi kukigusa. Kilikuwa chake. Nilikuwa nakaa pale, chai inakuja. Nionyeshe uji unapikwaje."

"Upeo ungeweza…"

"Mwanangu, nimekuuliza swali."

Nyamizi aliweka mkoba chini. Akaanza kumwelekeza. Mzee alibonyeza tone katikati, halikusikia. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayeponda karanga. Halikusikia. Akaenda kwenye moto, akasahau kuusubiri, akagusa ufunguo kwa kiwiko, na mlango wa mbele ukafunguka, upepo wa karakana ukaingia na vumbi lake.

"Kitu gani hiki cha kipumbavu!" mzee alifoka. "Watu walikuwa wanaishije na kitu hiki?"

Kutoka kwenye mkeka Bi Kalunde alicheka. Alicheka kicheko kirefu, akijipiga paja.

"Huyu mwanamume," alimwambia Nyamizi, akimwonyesha kwa kidevu, "hajui kitu chochote. Sijui nani aliolewa naye."

Mzee Mihayo alisimama, kidole hewani, mgongo amewapa. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Kushoto kidogo, mzee," Nyamizi alisema. "Bonyeza, halafu usubiri."